Gari la Wimboni Halina Rivasi

Honi niliyoisikia siku ile haikutoka barabarani. Ilitoka ndani ya wimbo.

Nilikuwa Malindi, barabara ya Casuarina, saa tatu asubuhi, kibao cha L cha mwanafunzi kimebandikwa nyuma ya gari na binamu yangu ameketi kando anakula mahamri. Honi ilipolia nilijua kuna lori linanipita ubavuni. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote, kama mtu aliyeona nge. Gari letu likasimama. Tuktuk iliyokuwa nyuma haikusimama.

"Yakhe, umeona nini?" mwenye tuktuk aliniuliza huku akiokota vipande vya taa.

Sikuwa nimeona kitu. Niliona haya kumwambia kwamba nimefunga breki kwa ajili ya honi iliyorekodiwa Ujerumani mwaka 1974. Mgeni mmoja Mjerumani aliwahi kukodi mashua yangu Shela, kisiwani Lamu, kwa wiki nzima, na ndiye aliyenitilia kwenye simu wimbo huo wa Kraftwerk, "Autobahn". Unazidi dakika 22, ulijaza upande mzima wa santuri, na mwanzo wake ni mlango wa gari unafungwa, injini inawaka, kisha honi. Wenyewe waliutunga kwa barabara kuu za kwao. Mimi ulinigharimu Sh6,500 za bampa, Sh2,000 za taa ya tuktuk, na soda tatu za kuombana radhi.

Nayaandika haya kwa vijana wetu wa visiwani wanaovuka kwenda kujifunza gari, mapenzi yamewajaa kifuani na hawajui hata klachi iko mguu gani. Mimi nilikuwa hivyo, tena nikiwa mtu mzima wa miaka 43.

Nimezaliwa Lamu, mtaa wa Langoni. Mji wetu mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2001, una vichochoro ambavyo punda wawili wenye shehena wakikutana lazima mmoja arudi nyuma. Gari utalipitisha wapi? Tulipokuwa wadogo, gari tulilolijua ni Land Rover ya serikali iliyokuwa ikipita pwani, nasi tukiikimbilia kwa vifijo kama tunaosindikiza bwana harusi. Haikuwa na pa kwenda sana. Ilifika mwisho wa mji, ikageuka, ikarudi, nasi tukarudi nayo.

Kwa hiyo magari mengine yalinifikia kwa masikio kabla ya macho. Nilianza ubaharia nikiwa na miaka kumi na sita, nikipeleka wageni kisiwa cha Manda na magofu ya Takwa, na wageni wakiondoka walikuwa wakiacha vitu: miwani, kofia, na kanda. Kanda hizo tulizipiga kwenye redio ya ami yangu mpaka mawe ya betri yakaisha na sauti ya mwimbaji ikawa nzito kama ya mtu mwenye usingizi. Kiingereza changu nusu kimetoka kwa wageni na nusu kimetoka humo. Nikajua Cadillac, Corvette, Mercedes, Ford yenye injini ya V8. Nilikuwa naweza kukuimbia gari lolote, na sijawahi kufungua mlango wa hata moja.

Ami yangu hakuvutiwa. Yeye alikuwa mtu wa taarab, mtu wa udi wa Zein l'Abdin, mwana wa Lamu mwenzetu. Alikuwa akisema, "Hawa wazungu waimbao magari hawana bahari." Nilidhani anawadharau. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba huenda alikuwa anawafasiri. Kwetu mapenzi yakiimbwa hupandishwa chomboni: mpenzi ni nahodha, fitina ni mawimbi, talaka ni kuachwa pwani chombo kikitweka. Wenzetu wasio na bahari walihitaji kitu cha kuyapandisha mapenzi yao, wakachukua gari.

Basi, lami ilipofika Mokowe, gati la bara tunakovukia, biashara ya samaki ikabadilika. Zamani barabara ya Garsen mvua ikinyesha ilikuwa balaa, barafu inayeyuka na changu wanaoza mkiwa mmekwama matopeni. Binamu yangu, mtoto wa ami, akanijia na shauri: tuchange tununue gari la Probox, yeye ana leseni, mimi nijifunze, tupokezane kupeleka samaki Malindi. Nikakubali kabla hajamaliza kusema. Tena nilimwambia kazi ya muziki ni yangu.

Shule ya udereva niliyojiunga nayo Malindi ilinitoza Sh13,000. Ukiongeza ada za serikali, picha, chumba cha kulala na nauli, mpaka leseni kufika mkononi nilikuwa nimetoa kama Sh31,000, na hizo ni bila bampa. Mwenye kupanga apange hivyo, asihesabu ada ya shule peke yake kama mimi.

Siku ya kwanza mwalimu aliniambia nipinde kulia. Nikapinda kushoto. Akadhani sikumsikia, akarudia. Nikapinda kushoto zaidi, tukaingia kwenye majani ya watu.

"Bwana, kwenu kulia ni wapi?"

"Kwetu kulia ni kushoto, mwalimu."

Sikuwa natania. Mwenye kushika kana, ule mkono wa usukani wa mashua, au mkono wa mashine ya boti, anajua: ukitaka omo, mbele ya chombo, iende kulia, unausukuma mkono kushoto. Nimefanya hivyo miaka zaidi ya 25, mikono yangu haiulizi tena kichwa. Usukani wa gari ni kinyume chake. Baharia mwenzangu, ukienda kujifunza, mwambie mwalimu mapema kazi yako. Mimi nilinyamaza kwa kuona haya, na siku tatu zikapotea mwalimu akiniona mjinga tu. Alipojua, alinipa dawa rahisi: nisiangalie mikono, niangalie ninakotaka kwenda. Mikono ikafuata, ingawa si siku zote, kama mtakavyoona.

Jambo la pili nililomwomba mwalimu ni redio. Gari la shule lilikuwa nayo, na mimi nilikuwa na flashi yangu mfukoni, imejaa nyimbo za gari tupu, kama sabini hivi, nimezikusanya mwezi mzima. Nilikuwa nimejipigia picha: mkono dirishani, upepo, wimbo. Mwalimu akachomoa flashi akaitia mfukoni mwake.

"Hapa unasikiliza injini," akasema.

Nilikasirika, na nikafanya ujinga wa kuirudisha flashi kwenye Probox yetu wakati wa mazoezi ya asubuhi na binamu. Habari za tuktuk mmeshazijua. Lakini hata bila honi ile nilikuwa naharibu. Mwanafunzi anatakiwa kusikia lini injini inalia kuomba gia kubwa na lini inakohoa kuomba ndogo. Ile sauti ndiyo mwalimu wa pili, na mimi nilikuwa namfunika mdomo kwa gitaa. Gari likizima njiapanda nilikuwa sijui limezimaje, kwa sababu wimbo ulikuwa unaendelea kama hakuna kilichotokea.

Yule mwalimu hakuwa msemaji sana. Ila siku moja tukingoja zamu alinitajia E-Sir, yule mwanamuziki wa rap, na mtu yeyote wa rika letu Kenya akisikia jina hilo hunyamaza kidogo. Kijana yule alifariki 16 Machi 2003 katika ajali ya gari, wakirejea Nairobi kutoka kwenye shoo Nakuru. Albamu yake iliitwa Nimefika. Mwalimu hakuongeza neno, akaniambia nifunge mkanda, zamu yetu imefika.

Mtihani wa kwanza nikaanguka. Ubao ule wa mfano wa mji, wenye barabara ndogo na gari la kuchezea, niliupita vizuri, kwa sababu nilikariri alama zote kama mtu anayekariri juzuu. Barabarani pia nilikwenda. Kisha afisa akaniambia nirudi rivasi niingize gari kati ya vijiti viwili. Hapo nikatazama nyuma, na kutazama nyuma kwangu mimi ni tezi, nyuma ya chombo, na tezini ndiko anakoketi mwenye kana. Mikono ikarudi baharini. Nikaangusha vijiti vyote viwili, cha kwanza na cha pili, kwa utaratibu mzuri kabisa.

Usiku ule, chumbani Barani, nilizipitia nyimbo zangu sabini kichwani. Hakuna hata mmoja wenye rivasi. Wote wanakwenda mbele. Hakuna anayepaki, hakuna anayepanda kilima na handbreki, hakuna anayengoja mbuzi wapite. Chuck Berry angalau alijaribu: katika wimbo wake mmoja wa mwaka 1964, "No Particular Place to Go", kijana anakwama kwa sababu mkanda wa kiti wa msichana wake umegoma kufunguka. Na katika "Maybellene" ya mwaka 1955, Ford yake inayoikimbiza Cadillac inapata moto, mpaka mvua inanyesha na kuipoza injini. Huyo alijua gari. Wengine wengi walijua mapenzi.

Nilirudia mtihani baada ya wiki tatu. Wiki hizo nilifanya rivasi tu, uwanjani, asubuhi na jioni, redio imezimwa. Nikapita. Sina la kujigamba hapo, ni kurudia tu.

Sasa nije kwenye makosa ya mtu mwenye leseni, maana hayo ndiyo ghali.

La kwanza ni rejeta. Safari yangu ya nne, karibu na Minjila, saa saba mchana, mshale wa joto ukapanda. Nikasimama. Nilikuwa peke yangu na kreti za kolekole na nguru, na wazo langu lote lilikuwa barafu. Nikachukua chupa ya maji, nikafungua kifuniko cha rejeta. Mvuke uliotoka uliniunguza kuanzia kiganja hadi karibu na kiwiko. Dawa na bandeji Sh1,200, na siku tisa sikuweza kushika usukani wala kana. Mvua ya Chuck Berry ilinyesha juu ya injini. Haikuingia ndani ya kifuniko. Gari likipata moto, zima, fungua boneti, nenda kivulini ukanywe chai nusu saa au zaidi. Kifuniko ukigusa kwa kitambaa na hakiunguzi, ndipo ufungue, tena polepole. Na maji uyaangalie kila alfajiri gari likiwa baridi, hapo hutaungua.

La pili ni mguu. Ukitoka Garsen kuelekea Witu barabara inanyooka, hakuna mti wa kukupa hesabu, na mtu husahau anakwenda. Binamu alikuwa kando yangu siku ile. Kulikuwa na wimbo wa haraka, ngoma juu ya ngoma, nami nilikuwa naitikia. Ghafla akanyosha mkono akazima redio bila kuniambia neno. Nikamgeukia kwa hasira, akanionyesha mshale. Ulikuwa unakaribia 120, na mimi ningekuapia niko kwenye 80. Sauti ilipokatika, mguu wangu uliinuka wenyewe. Mbele, si mbali sana, ng'ombe walikuwa wanavuka na mchungaji wao mdogo, fimbo mabegani, hana haraka.

Mikono ilinitetemeka mpaka Witu. Tulisimama kwa chai, na chai sikuinywa.

Tangu siku ile flashi naipanga usiku kabla ya safari, nikiwa nimekaa. Mchanganyo wa nyimbo nimeuzima, nataka kujua kinachofuata. Nyimbo zenye honi, ving'ora na matairi yanayolia nimezitoa zote, na hapa niwaseme ndugu zetu maDJ: mtu hawezi kununua flashi iliyojazwa mjini ila apigiwe king'ora kila dakika tatu, kama kuna moto. Wimbo mpya siuanzi barabarani, kwa sababu wimbo usioujua hukuvuta uusikilize, na masikio yakivutwa macho hufuata. Sauti ni ya kadiri ambayo bado naisikia honi ya mtu wa nyuma. Kwenye vizuizi vya polisi nazima kabisa, ni adabu, tena utasikia unachoambiwa. Na simu haiguswi. Ukitaka wimbo mwingine simama, jinyooshe, chagua, endelea. Muziki wa bango wa Mzee Ngala unanifaa sana asubuhi, haukimbizi mtu. Jioni naweka taarab yenye vijembe, maana usingizi haukai na mtu anayengoja kusikia nani anasemwa.

Na zile sabini? Sikuzitupa. Nazisikiliza Malindi nikingoja barafu, gari limezimwa, kiti nimekilaza. Na huko kusimama ndiko kulikonifanya nizisikie.

Ule wa Beatles wa mwaka 1965, "Drive My Car", nilikuwa nikiuimba toka ujana nikijua ni wa gari. Sikiliza mpaka mwisho: msichana anamtafuta kijana awe dereva wake, kisha anakiri kwamba gari hana. Wimbo mzima wa gari, na gari halipo! Nilicheka peke yangu mpaka muuza barafu akanitazama. Ndiye mimi yule, miaka thelathini.

"Little Red Corvette" wa Prince siwafasirii hapa, kuna watoto. Niseme tu kwamba fundi wa magari hatakusaidia kuuelewa.

"Take Me Home, Country Roads" wa mwaka 1971, ambao Wakenya tunauimba kana kwamba West Virginia iko nyuma ya Naivasha, ulianzishwa na watu wawili, Bill Danoff na Taffy Nivert, wakiendesha gari Maryland, wakati hata hiyo West Virginia hawajaikanyaga. John Denver akaumalizia pamoja nao. Jambo hilo lilinifariji. Kumbe si mimi peke yangu niliyeimba nisichokijua.

Mke wangu, ambaye nyimbo hizi ni kelele kwake, aliuliza mmoja tu, ule wa Janis Joplin anaoimba bila chombo chochote, akimwomba Mungu ampe Mercedes Benz.

"Baba watoto, huyu anaomba dua au anafanya mzaha?"

Nikamwambia anawacheka waombao hivyo. Nikamwambia pia kwamba aliurekodi 1 Oktoba 1970, na tarehe 4 akafa. Akanyamaza. Kisha akasema, "Basi apewe." Sijasikia maoni bora zaidi juu ya wimbo huo.

Lakini unaonishika ni "Fast Car" wa Tracy Chapman. Mwaka 1988, kwenye tamasha la miaka 70 ya Mandela uwanja wa Wembley, alikuwa ameshaimba zamu yake. Stevie Wonder alipokwama kwa vifaa vyake, wakamrudisha Chapman jukwaani na gitaa lake peke yake, na ulimwengu ukamsikia akiimba huo. Kijana nikiwa baharini nilisikia gari la mbio. Sasa nasikia baba mlevi, mama aliyeondoka, msichana anayefanya kazi dukani, na gari ambalo lilikuwa litawatoa katika ufukara na hatimaye halikuwatoa. Nikiwa na deni la Probox, kreti nane nyuma na bei ya nguru imeshuka, wimbo ule nauelewa kuliko nilivyotaka. Kuna siku niliuzima katikati. Sikuwa hata naendesha.

Wiki iliyopita nililiacha gari Mokowe, nikamlipa mlinzi wa usiku, nikashuka gatini. Boti ya ami ilikuwa imejaa abiria, naye macho yake siku hizi jioni yanamchezea, akaniambia, "Shika wewe, ndia waiyua." Nikashika mkono wa mashine kwa raha, kama mtu aliyerudi kwao. Manda kushoto, Lamu kulia, taa za mji zimeanza kuwaka. Tulipokaribia nikataka kupinda kulia tuelekee mjini, nikauvuta mkono kulia.

Boti ikageuka kushoto, ikaelekea Manda, uliko uwanja wa ndege. Mama mmoja mwenye kuku wawili mapajani akauliza kwa sauti kama leo uwanja wa ndege una shughuli. Abiria wakaangua kicheko. Ami hakucheka. Aliunyosha mkono wake juu ya wangu, akausukuma kushoto taratibu, akaniuliza, "Na redio hapa iko wapi?"